Binti yangu anataka kusoma kemia: naomba ushauri wa waliopita njia hiyo kabla hatujamwandikisha

#1 MamaMisumari (Katuba, Lubumbashi)

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza misumari, parafujo, nati na vitasa katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, na nimekuja kwenu na jambo ambalo tumelizungumza nyumbani kwa majuma mawili bila kufikia mwisho. Binti yangu wa pili amemaliza mwaka wa nane, mtihani wa TENASOSP, ule wa kitaifa wa kuwachagulia watoto njia ya masomo, ameufanya, na sasa ni lazima tumwandikishe katika opsioni, yaani mchepuo, mmoja wa humanite, ile miaka minne ya mwisho ya sekondari, kabla nafasi hazijajaa. Yeye mwenyewe anataka sayansi, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita bio-chimie. Baba yake anataka asome biashara na uongozi, kwa sababu anaona kwamba mwenye kujua hesabu za duka hawezi kulala njaa. Mjomba wake, ambaye anaendesha lori la kubeba madini, anasema kwamba mji huu wote unakula kutokana na kemia na kwamba kumnyima mtoto kemia hapa Lubumbashi ni kama kumnyima mtoto wa mvuvi wavu.

Matokeo yake ya mwaka huu ni haya: hesabu asilimia 71, Kifaransa 64, sayansi za fizikia na teknolojia 56. Hiyo 56 ndiyo inayonitia wasiwasi, maana kila mtu ananiambia kwamba kemia ni somo gumu na kwamba wengi huanguka mwaka wa kwanza wa humanite wakahamia opsioni nyingine, huku wazazi wamekwisha kulipa. Shule ya msingi sasa ni bure, lakini sekondari bado tunalipa wenyewe, na kwa mtu wa soko mwaka uliopotea una uzito wake. Mimi niliacha shule nikiwa mwaka wa nne wa sekondari, na kemia ninayoikumbuka ni lile jedwali lililobandikwa ukutani tu. Naomba wanaojua waniambie: mzazi atatambuaje kama mtoto anaiweza kemia, au ni kubahatisha tu?

#2 MhasibuWaMji (Lubumbashi)

Mama, nakusalimu. Mimi nilisoma biashara na uongozi, ninafanya kazi ya uhasibu, na sitaki opsioni yangu ionekane kuwa kimbilio la walioshindwa sayansi. Mgodi una wahasibu, forodha ina wahasibu, kila duka kubwa lina mtu wa hesabu. Mwenye diploma ya Serikali ya biashara anaweza kuanza kutunza vitabu vya watu mwaka ule ule anaomaliza shule, ilhali mwenye diploma ya sayansi kwa kawaida hana kazi mkononi mpaka apite chuo kikuu. Kama fedha zenu zinatosha miaka minne tu, lipimeni jambo hilo kwanza. Kama mnaona njia ya kumsomesha mpaka chuo kikuu, basi mengine waseme wanaoijua kemia.

#3 AliyebadiliNjia

Shikamoo, Mama. Nitasema kwa uwazi yaliyonipata, kwa sababu natamani mtu angewaambia wazazi wangu mapema. Niliingizwa bio-chimie kwa kuwa mama yangu alitaka daktari katika ukoo, nami sikuwa na neno la kusema. Shule niliyosoma sitaitaja. Katika miaka minne tulibadilishiwa mwalimu wa kemia mara tatu, na mwaka mmoja tulikaa bila mwalimu mpaka baada ya Noeli. Somo lote lilikuwa kunakili karatasi zilizotolewa nakala, kuzikariri, na kuzirudisha siku ya mtihani. Sikuwahi kushika neli ya majaribio hata mara moja. Niliandika kwamba mchanganyiko unabadilika kuwa wa buluu bila kuwahi kuiona hiyo buluu.

Mtihani wa Serikali niliupita kwa asilimia 53, na sasa ninasoma sheria, ambayo ninaipenda. Kilichonikaa moyoni ni kwamba nilipoanza mwaka wa kwanza wa humanite nilikuwa na hamu ya kweli ya kujua, na hamu ile iliuawa polepole. Kwa hiyo, Mama, usiulize tu kama binti anaiweza kemia. Uliza pia kama shule unayompeleka inaiweza.

#4 MwalimuWaKampemba

Mama, nimesoma maneno yako na ya waliotangulia, na nimeona ni wajibu wangu kujibu kwa urefu, kwa kuwa ninafundisha kemia katika mji huu kwa mwaka wa 19 sasa na kila mwezi wa tisa ninapokea watoto walioletwa kwangu kwa sababu zisizohusiana na kemia.

Nianze na ile 56. Peke yake hainiambii jambo kubwa. Lete madaftari ya mtoto mezani, uangalie alama zimepotea wapi. Kama zimepotea kwenye tafsiri za maneno, mahali alipotakiwa kurudisha sentensi ya mwalimu neno kwa neno, hilo linatibika. Kama zimepotea kwenye uwiano, yaani ile kanuni ya tatu ya kusema kwamba ikiwa vitu vitatu ni bei fulani basi saba ni bei gani, hapo ndipo ningeogopa. Kwa miaka yangu yote darasani, wanafunzi walioanguka kemia wengi walikuwa wameanguka kwenye kanuni ya tatu kabla hawajaiona kemia yenyewe. Ndiyo maana ile 71 ya hesabu inanipa matumaini kuliko 56 inavyonitisha.

Mahali ambapo watoto wengi hukwama ni moli, na kwa bahati njema wewe unaifanya kila siku sokoni bila kuliita jina hilo. Mteja akitaka misumari elfu moja, humhesabii mmoja mmoja. Unaijua misumari ya aina ile ina uzito gani, unapima kwenye mizani, na idadi inatoka yenyewe. Misumari ya inchi nne na ya inchi mbili, ikiwa ni elfu kwa elfu, idadi ni moja lakini uzito si mmoja. Mwanakemia naye hawezi kuhesabu atomi, kwa hiyo anazipima. Moli ni idadi, kama dazeni, ila ni dazeni kubwa mno: 6.022 mara kumi kwa kipeo cha 23. Idadi hiyo ya atomi za kaboni ina uzito wa gramu 12, na idadi ile ile ya atomi za shaba ina gramu 63.5, kwa sababu atomi ya shaba ni msumari mkubwa na ya kaboni ni msumari mdogo. Wengine hapa mjini huwaelezea watoto kwa kutumia meka, kopo la kupimia unga, lakini mimi siipendi, kwa kuwa meka hupima ujazo, na mtoto akishazoea kuifikiria moli kama chombo cha kujaza atapotea baadaye. Misumari ni bora.

Jambo la pili ni lugha, na hili sisikii wazazi wakiliuliza. Tunafundisha kwa Kifaransa, lakini mtoto anafikiri kwa Kiswahili, na mahali ambapo lugha hizi mbili hazilingani ndipo makosa huzaliwa. Chukua neno «kuyeyuka». Sisi tunasema chumvi imeyeyuka katika maji, na tunasema shaba imeyeyuka katika tanuru. Kifaransa kina maneno mawili, «dissoudre» na «fondre», kwa sababu ni mambo mawili tofauti kabisa: chumvi imetawanyika ndani ya maji na bila maji isingefanya hivyo, ila shaba imeachia ugumu wake kwa joto peke yake bila kuchanganyika na kitu. Nimewahi kusahihisha karatasi ambayo mwanafunzi mwenye akili nzuri aliandika kwamba sukari hugeuka kimiminika kwenye chai kwa sababu chai ni ya moto. Alikuwa ametafsiri, hakuwa amefikiri. Tangu siku ile ninawaambia wanafunzi wangu warudi nyumbani wamweleze mama au bibi somo la siku hiyo kwa Kiswahili, na pale wanapokwama waweke alama kwenye daftari, maana hapo hawajaelewa. Binti yako ana 64 ya Kifaransa, ambayo inatosha. Ninachotaka kujua ni kama anaweza kukueleza wewe jambo la sayansi hadi ukalielewa.

Kuhusu kukariri, watu hutia chumvi. Yapo ya kukariri, kama alama za elementi na majina ya chumvi mbalimbali, lakini jedwali unalolikumbuka ukutani halikutengenezwa ili likaririwe. Mendeleev alipolipanga mwaka 1869 aliacha nafasi wazi kwa elementi ambazo hakuna aliyekuwa ameziona, akatabiri zitakuwa na tabia gani. Mojawapo, germani, ilipatikana mwaka 1886 ikakaa mahali pake. Leo ziko elementi 118. Mtoto anayefundishwa kulisoma jedwali hilo kama ramani hukariri kidogo sana. Mtoto anayefundishwa kuliimba kama litania huchoka kabla ya Pasaka.

Naungana na aliyebadili njia kuhusu shule. Nenda mwenyewe, umwombe prefe, yaani mkuu wa shule, akuonyeshe mahali kemia inapofanyiwa. Usidanganywe na chumba chenye bango la maabara. Omba kabati lifunguliwe, utazame kama chupa zina vumbi. Uliza mwalimu wa kemia amekaa pale miaka mingapi, na kama huwa anamaliza programu ya mwaka wa mwisho kabla ya mtihani wa Serikali. Shule isiyo na maabara kamili haimaanishi shule mbaya, kwani mwalimu mwenye nia atapasha waya wa shaba kwenye makaa ya mbabula, lile jiko letu la makaa, mpaka uwe mweusi, atawaonyesha kwamba weusi ule ni shaba iliyoshika oksijeni, na watoto hawatausahau. Lakini mwalimu lazima awepo.

Mjomba wake nimwambie kwa heshima kwamba ukaribu wa migodi haumfanyi mtoto kuwa mwanakemia. Ninao wanafunzi waliokuja kwa ajili ya mshahara wa mgodi, na walipokutana na kusawazisha milinganyo ya mimenyuko wakashindwa kuvumilia, kwa sababu kitu walichokitaka hakikuwa ndani ya somo.

#5 FundiWaMaabara (Lubumbashi)

Mwalimu, asante sana kwa maelezo ya neno kuyeyuka, maana kazi yangu yote iko ndani ya tofauti hiyo. Bomba kubwa la moshi ambalo kila mgeni wa Lubumbashi hulipiga picha ni la kiwanda kilichoanza kutoa shaba mwaka 1911, na pale shaba iliyeyushwa kwa moto. Viwanda vingi vya siku hizi, pamoja na ninachofanyia kazi mimi, huyeyusha madini kwa tindikali ya salfuriki, ile ile ambayo malori yamekuwa yakiipitisha mpakani Kasumbalesa kutoka Zambia. Naomba nimweleze Mama kazi yenyewe ilivyo, ili binti ajue kemia inatumikaje baada ya shule.

Chukua tani moja ya mawe yenye shaba asilimia 3. Ndani yake mna kilo 30 za shaba. Kila gramu 63.5 za shaba zinahitaji gramu 98 za tindikali, kwa hiyo kilo 30 zitataka kama kilo 46. Mtu akiishia hapo atasema amemaliza hesabu, na kiwanda kitamshangaa, kwa sababu mawe yetu ya Katanga mara nyingi huwa na dolomiti, jiwe la jamii ya chokaa, na dolomiti nayo inakula tindikali, kilo moja kwa zaidi kidogo ya kilo moja. Tani ile ikiwa na kilo 50 tu za dolomiti, hizo zitakula kilo 53 za tindikali, zaidi ya shaba yenyewe. Tena kuna tofauti kubwa zaidi: tunapopitisha umeme ili shaba ishikane kwenye mabamba, tindikali iliyotumika kuitoa shaba hurudi, tukaitumia tena. Ile iliyoliwa na dolomiti hairudi. Kwa hiyo kazi yangu ya kila siku ni kupima sampuli na kuwaambia wakubwa, kabla mawe hayajaingia, tindikali kiasi gani itapotea bure. Yote hayo ni kanuni ya tatu na moli. Hakuna uchawi mwingine.

Nimwambie Mama na upande mgumu. Tunafanya zamu za usiku, tunavaa glavu na miwani saa zote, na tindikali haisamehe uzembe. Wengi niliosoma nao hawajapata nafasi. Tena ziko njia mbili ambazo watu huzichanganya. Mimi nilisoma kemia ya viwandani katika shule ya ufundi, ambako mikono inafanya kazi mapema na mtu anaweza kutafuta kazi ya ufundi wa maabara akiwa na diploma ya Serikali. Baadaye ndipo nilipoingia Kitivo cha Polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Opsioni ya sayansi ya jumla ni pana zaidi, inamwandaa mtu kwa utabibu, famasia, kilimo au sayansi zenyewe, lakini inamtaka aendelee mbele. Mhasibu amesema kweli katika hilo.

#6 MkaziWaGoma

Nawasalimu kutoka Goma. Sisi hatuna shaba, lakini naomba niongeze sababu moja ambayo haihusu ajira. Hapa kwetu kuna mazuku: hewa isiyoonekana wala kunuka inayotoka ardhini na kukusanyika mabondeni, hasa asubuhi ambapo hakuna upepo, na mbuzi akiingia humo anaanguka, na mtoto aliyeinama naye vilevile. Wazee waliyaita mazuku kwa hofu. Mwalimu wangu wa kemia ndiye aliyetuandikia ubaoni namba mbili tu: moli moja ya dioksidi ya kaboni ina gramu 44, na ya hewa ya kawaida ina kama 29. Gesi nzito hukaa chini kama maji. Tangu siku hiyo sijawahi kumruhusu mdogo wangu kucheza kwenye shimo la nyuma ya nyumba alfajiri. Ziwa Kivu nalo limejaa gesi hiyo pamoja na methani, na upande wa Rwanda methani hiyo inachomwa kuzalisha umeme.

Mwalimu mwenyewe alitukumbusha kwamba moshi wa mbabula ni jambo jingine: monoksidi ya kaboni ina 28, karibu sawa na hewa, kwa hiyo haikai chini, inasambaa chumba kizima, na aliyelala kitandani hana usalama zaidi ya aliyelala kwenye mkeka. Ukiulizwa kwa nini mtoto wa kike ajifunze kemia hata kama hatafanya kazi maabara, mimi nitajibu kwa mambo hayo mawili.

#7 MamaMisumari

Nimeyasoma yote, na mengine nimesomewa na binti mwenyewe, ambaye sasa anajua kwamba nimeandika hapa. Ndugu wa Goma, usiku huu mbabula imelala nje. Mwanangu uliyebadili njia, pole sana, na maneno yako nimeyapeleka kwa baba yake.

Tulifungua madaftari kama Mwalimu alivyosema. Nimeona kwamba alama nyingi zilipotea kwenye mtihani mmoja wa maneno ya kufafanua, na kwamba hesabu za uwiano zote amezipata isipokuwa moja ambayo alikosea kuzidisha. Baba yake alikuwa amekaa nasi, akanyamaza, na kwake kunyamaza ni hatua. Ila anauliza hivi: je, kuna zoezi ambalo Mwalimu anaweza kumpa sasa hivi, kabla hajafundishwa kemia, ambalo litaonyesha kama akili yake inaelekea huko? Anasema hataki kuamua kwa maneno matamu ya watu wa mtandaoni, na naomba msamaha kama ni ukali.

#8 MwalimuWaKampemba

Mama, si ukali hata kidogo, ni swali ambalo ningependa kila baba aulize. Nitatoa zoezi, kwa sharti kwamba mumwachie muda na msimsaidie.

Kwanza, la dukani. Mteja anataka kufunga mabati, na kila parafujo inahitaji nati mbili. Parafujo moja ina gramu 40, nati moja ina gramu 10. Anataka parafujo 500. Apimiwe kilo ngapi za parafujo na kilo ngapi za nati? Kisha: kama dukani zimebaki kilo 8 tu za nati, zitatosha parafujo ngapi, na parafujo ngapi zitabaki bila kazi?

Pili, la mawe. Malakiti, lile jiwe la kijani ambalo wachonga vinyago wanaliuza mjini, ina tabia ya parafujo yetu: sehemu moja ya malakiti inataka sehemu mbili za tindikali. Sehemu moja ya malakiti ina uzito wa kilo 221, na ndani ya hizo kilo 127 ni shaba. Sehemu moja ya tindikali ina kilo 98. Tukiwa na kilo 442 za malakiti safi, tunahitaji tindikali kiasi gani, na tutapata shaba kiasi gani?

Msimwambie kwamba la pili ni kemia. Na zaidi ya majibu, niandikieni ameuliza nini, maana jibu sahihi linaweza kutoka kwa mtoto aliyezoeshwa, lakini swali hutoka kwake mwenyewe.

#9 MamaMisumari

Mwalimu, ameketi mezani baada ya kula bukari, na sisi tumekaa mbali kama ulivyoagiza. La kwanza limemchukua muda mfupi kuliko ambao mimi ningetumia: kilo 20 za parafujo na kilo 10 za nati. Kwa zile kilo 8 amesema nati ni 800, zinatosha parafujo 400, na parafujo 100 zitabaki zikingoja. La pili amelikalia zaidi, akafuta mara mbili, kisha akasema tindikali ni kilo 392 na shaba ni kilo 254.

Baba yake alikuwa tayari kusimama, kwa sababu aliona kazi imekwisha. Lakini mtoto hakufunga daftari. Alitoa 254 katika 442, akapata 188, akaniuliza: «Mama, hizi kilo 188 zimekwenda wapi? Jiwe lilikuwa zima.» Nikamwambia pengine ni uchafu. Akasema hapana, Mwalimu ameandika malakiti safi. Mimi sikuwa na jibu, baba yake hakuwa na jibu, na hivi ninavyoandika bado yuko macho. Naomba umjibu yeye.

#10 MwalimuWaKampemba

Binti, nakujibu wewe moja kwa moja. Umeuliza swali lenyewe, na hizo kilo 188 hazikupotea hata gramu moja. Malakiti si shaba iliyochafuka, ni shaba iliyoshikana na vitu vingine kwa vipimo visivyobadilika. Katika kilo zako 442 mna shaba kilo 254, oksijeni iliyoishika shaba kilo 64, dioksidi ya kaboni kilo 88, na maji kilo 36. Jumlisha mwenyewe uone kama ninakudanganya. Tindikali inapoligusa jiwe, zile kilo 88 ndizo zinazotoka zikichemka kama povu la soda, na ni gesi ile ile ambayo ndugu wa Goma anaiita mazuku. Maji yanajiunga na maji ya kiwandani. Oksijeni nayo inajishika na sehemu ya tindikali na kuwa maji pia.

Lakini kabla ya viwanda, wahenga wa Katanga waliijua hesabu hii kwa mikono yao. Waliliweka jiwe la kijani katika tanuru la udongo pamoja na makaa. Joto lilifukuza maji na ile gesi kwanza, jiwe likageuka jeusi kama waya niliousimulia juu. Kisha kaboni ya makaa iliinyang'anya shaba zile kilo 64 za oksijeni, ikaondoka nayo angani, na shaba tupu ikatiririka. Waliimimina katika vyombo vya umbo la msalaba, na misalaba ile ya shaba ilikuwa fedha ya nchi. Walioifanya kazi hiyo waliitwa «wala shaba», yaani watu wanaokula shaba. Mkoa wa Katanga wenyewe uliitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997.

Swali lako jingine ninaweza kulitabiri, kwa hiyo ninakuachia ulifanyie kazi: kila kilo 32 za oksijeni zinaweza kuchukuliwa na kilo 12 za kaboni. Wahenga walihitaji makaa kiasi gani, kwa uchache, kwa lile jiwe lako la kilo 442? Na kwa nini walitumia mengi zaidi ya hapo?

Mama na Baba, mimi ningemwandikisha sayansi. Shule niwaachie ninyi mkaione kwa macho.

#11 MamaMisumari

Amesema kilo 24, na kwamba makaa mengine yote yalikuwa ya kuleta joto, kama tunavyochoma makala mengi kuchemsha sufuria ndogo ya maharagwe. Baba yake ndiye aliyenipa fedha ya kuandikisha, leo asubuhi, kabla sijaenda sokoni. Kesho kutwa tunakwenda sote watatu katika shule mbili, na nimemwahidi binti kwamba nitamwomba prefe afungue kabati la kemia mbele yetu. Ameshika karatasi ya maswali ambayo yeye mwenyewe anataka kumwuliza mwalimu wa pale. La kwanza ni kama wana jiwe la malakiti.